Mgeni na Daftari: Fedha ya Msaada wa Korona katika Japani

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa aghalabu kwa mzaha, ili mgeni mvivu ajue kuwa siku za karamu zimekwisha. Lakini ndani yake mna sheria nzima ya ujirani. Siku mbili za kwanza mgeni hula kwa heshima ya mwenyeji. Siku ya tatu hutoka kwenda shamba pamoja na wenyeji, na tangu siku hiyo chakula alacho si sadaka tena, ni sehemu ya jasho lake. Methali imetaja wajibu wa mgeni. Jambo la pili, lililo zito kuliko la kwanza, haikulitaja: njaa iingiapo katika nchi na ghala ifunguliwapo, je, mgeni mwenye jembe atasimama katika safu ya watu wa nyumba, au ataambiwa arudi kwao akale huko?

Swali hilo liliulizwa duniani pote katika mwaka 2020. Maradhi ya korona yalifunga maduka, viwanda na mipaka, na serikali nyingi zikafungua hazina zao na kuwagawia watu fedha taslimu. Kila serikali ililazimika kujibu kwa haraka, katika mstari mmoja au miwili ya mwongozo, swali ambalo wenye hekima wameshindana nalo kwa karne nyingi: watu wa nchi ni nani? Nchi moja katika hizo yastahili kutazamwa kwa makini, nayo ni Japani. Kwa muda mrefu Japani imekuwa na sifa ya ugumu kwa wageni. Walakini jibu lake la mwaka 2020 lilikuwa pana kuliko la baadhi ya mataifa yasifiwayo kwa ukarimu. Upana huo haukushuka mbinguni. Una historia ya miaka zaidi ya sabini, na historia hiyo ina watu walioumia ndani yake.

Mapema Aprili 2020 serikali ya Waziri Mkuu Abe Shinzo ilikuwa na shauri la kuwapa yeni 300,000 watu wa kaya zile tu ambazo mapato yake yalikuwa yamepungua sana. Shauri hilo lilipata lawama, maana lilikuwa gumu kufahamika na wahitaji wengi wangeachwa nje. Katikati ya mwezi likatupwa, na badala yake ikaamuliwa kwamba kila mtu apewe yeni 100,000, yaani karibu dola 930 za Marekani kwa thamani ya wakati ule, pasipo kuulizwa mapato yake. Bunge lilipitisha makisio ya fedha hiyo tarehe 30 Aprili, na jumla yake ilizidi yeni trilioni 12.

Lakini "kila mtu" ni nani? Mwongozo wa wizara iliyosimamia malipo ulijibu hivi: ni kila mtu ambaye jina lake liliandikwa katika Daftari la Msingi la Wakazi tarehe 27 Aprili 2020. Daftari hilo hutunzwa na kila mji na kila kijiji. Mwongozo haukuuliza uraia. Mkorea aliyezaliwa Osaka, Mbrazili wa viwanda vya Hamamatsu, Mvietnamu aliyekuja kujifunza kazi, mwanafunzi kutoka Nepal, wote walipimwa kwa kipimo kile kile alichopimiwa Mjapani jirani yao. Mwisho wa mwaka 2019 wageni wakazi wa Japani walikuwa karibu 2,930,000. Walioandikwa daftarini miongoni mwao walihesabiwa katika mgawo, wakubwa kwa wadogo.

Nguvu ya daftari ilionekana zaidi katika upande wake wa pili. Mjapani aliyehamia ng'ambo na jina lake kuondolewa katika daftari la mji wake hakupata kitu, ijapokuwa pasi yake ilikuwa ya Japani na wazazi wake na babu zake walikuwa Wajapani. Vivyo hivyo Mjapani asiye na makao, alalaye chini ya daraja, ambaye jina lake lilikuwa limefutwa kila mahali, hakuweza kulipwa mpaka aandikishwe upya. Kwa hiyo haikuwa damu iliyogawa fedha, wala haikuwa pasi. Ilikuwa anwani.

Ili msomaji aone umbali uliokwendwa, yafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1910, Japani ilipoichukua Korea kwa nguvu. Taiwani ilikuwa mikononi mwake tangu 1895. Watu wa nchi hizo mbili wakafanywa raia wa dola ya Japani, wapende wasipende. Wengi walivuka bahari, wengine kwa kutafuta riziki na wengine kwa kulazimishwa, wakachimba makaa ya mawe, wakajenga barabara, wakavaa sare za jeshi. Vita ilipokwisha mwaka 1945 Wakorea wapatao milioni mbili walikuwa katika Japani. Wengi walirudi kwao. Yapata laki sita walibaki, kwa kuwa maisha yao yalikuwa yamekwisha kuota mizizi pale.

Tarehe 2 Mei 1947 ilitolewa amri ya kuwaandikisha wageni, nayo ikasema kwamba Wakorea na Wataiwani wahesabiwe kwa wakati huo kuwa wageni. Siku ya pili yake, tarehe 3 Mei, katiba mpya ya Japani ilianza kutumika, na kifungu chake cha 25 kiliahidi kwamba raia wote watakuwa na haki ya maisha ya kiasi, yenye afya na ustaarabu. Siku moja tu iliyatenga mambo hayo mawili. Kisha, tarehe 28 Aprili 1952, mapatano ya amani ya San Francisco yalipoanza kutumika, serikali ilitangaza kwamba watu wa asili ya Korea na Taiwani wamepoteza uraia wa Japani. Hawakuulizwa kama walitaka kubaki nao. Watu waliolala wakiwa raia waliamka wakiwa wageni katika nyumba zile zile, wakidaiwa kodi ile ile.

Tangu hapo neno "raia" likawa kufuli katika mlango wa kila sheria ya msaada. Sheria ya kuwasaidia maskini ya mwaka 1950 ilitaja raia. Sheria ya pensheni ya taifa ya mwaka 1959 ilitaja raia. Askari wa Kikorea aliyepoteza mguu akipigania Japani alinyimwa malipo aliyopewa Mjapani aliyelala hospitali kitanda cha pili, kwa sababu mmoja alibaki raia na mwingine alikuwa amefanywa mgeni. Palikuwa na tundu dogo katika ukuta: mwezi wa Mei 1954 wizara iliyohusika ilituma waraka ikisema kwamba wageni maskini watendewe kwa mfano wa sheria ya mwaka 1950. Kwa waraka huo wengi walipata chakula. Lakini waraka si sheria. Atoaye kwa waraka aweza kuondoa kwa waraka.

Ufunguo uliofungua kufuli ulitoka mbali. Baada ya vita ya Vietnam kumalizika mwaka 1975, watu walikimbia kwa mashua katika bahari za Asia, na mataifa tajiri yakatakiwa kuwapokea. Japani ilitazamwa kwa jicho kali, kwa kuwa ilikuwa na mali nyingi na wakimbizi wachache. Mwaka 1981 ilikubali kuingia katika Mapatano ya Wakimbizi ya Umoja wa Mataifa, nayo yakaanza kutumika kwake tarehe 1 Januari 1982. Mapatano hayo yataka mkimbizi atendewe sawa na raia katika misaada ya serikali na bima za jamii. Serikali haikuweza kumpa pensheni mkimbizi aliyefika jana kutoka Saigon huku ikimnyima Mkorea aliyezaliwa Kobe. Sharti la uraia likaondolewa katika pensheni ya taifa na katika posho za watoto. Mwaka 1986 likaondolewa pia katika bima ya afya ya taifa. Ndivyo wageni wachache waliokuja kwa mashua walivyowafungulia mlango wageni wengi waliokuwa wamesimama nje kwa miaka thelathini.

Walakini mlango ulifunguliwa bila kuwatazama waliokwisha kuchoka kwa kungoja. Mzee aliyekuwa amevuka umri wa kuchangia, na kilema aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka ishirini siku ile ya mwaka 1982, hawakuwekewa njia ya kuingia. Kwao sheria mpya ilikuwa habari njema ya jirani. Hili ni fundisho moja la historia hii: haki icheleweshwapo, kuja kwake hakuwafikii wote walioidai.

Mwaka 1990 sheria ya uhamiaji iliyorekebishwa ilianza kutumika, na Wabrazili na Waperu wenye asili ya Kijapani wakaruhusiwa kuja kuishi na kufanya kazi. Wajukuu wa wakulima waliohama Japani kwa umaskini walirudi kuwa wafanyakazi wa viwanda vya magari katika majimbo ya Aichi na Shizuoka. Walipewa jembe siku ya kwanza, hawakungoja ya tatu. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulipoanguka, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuachishwa kazi.

Hapo serikali ilifanya mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa pamoja katika mizani. La kwanza, mwaka 2009 iligawa fedha ya kuamsha uchumi: yeni 12,000 kwa kila mtu, na yeni 20,000 kwa vijana na wazee. Wageni walioandikishwa na wenye ruhusa ya kuishi walihesabiwa ndani yake. La pili, mwaka ule ule, iliwaambia Wabrazili na Waperu wasio na kazi kwamba akubaliye kurudi kwao atapewa yeni 300,000, na yeni 200,000 kwa kila mtu amtegemeaye, kwa sharti kwamba asirudi Japani kwa ile hati ya ukaaji aliyokuwa nayo. Zaidi ya watu 20,000 walizipokea wakaondoka. Basi mkono mmoja ulimpa mgeni yeni 12,000 ili ale, na mkono mwingine ukampa 300,000 ili aende. Hapana haja ya mfasiri. Mwenyeji alikuwa bado hajajua kama mtu huyu ni mkazi au ni jembe la kuazima, lirudishwalo mvua zikatikapo.

Mabadiliko makubwa ya mwisho yalifanywa kimya kimya, katika kazi ya makarani. Mpaka mwaka 2012 wageni waliandikwa katika daftari lao pekee. Mwanamume wa Kijapani aliyeoa mwanamke wa Kifilipino aliposomewa karatasi ya kaya yake, mke hakuonekana kama mtu wa kaya. Alikuwa katika kabati jingine la ofisi. Tarehe 9 Julai 2012 mfumo huo ulikomeshwa. Wageni wenye ruhusa ya kukaa zaidi ya miezi mitatu waliingizwa katika Daftari la Msingi la Wakazi, mume na mke katika ukurasa mmoja. Magazeti hayakushangilia sana, kwa kuwa lilionekana jambo la wino na karatasi. Lakini miaka minane baadaye, wakati serikali ilipotafuta orodha moja ya watu wote ili igawe fedha upesi, orodha iliyokuwa tayari ilikuwa hiyo, na mgeni alikuwa tayari ndani yake. Kumtoa kungekuwa kazi ngumu kuliko kumwacha. Aghalabu hivyo ndivyo haki isimamavyo: mtu huandikwa siku ya amani, akakutwa ameandikwa siku ya msiba.

Mkono ule uliowaingiza wengi uliwatoa wengine. Daftari la zamani la wageni, pamoja na ubaya wake wote, liliweza kumwandika hata asiye na hati ya ukaaji. Daftari jipya halikuweza. Hesabu ya serikali ya tarehe 1 Januari 2020 ilionyesha zaidi ya watu 82,000 waliobaki nchini baada ya muda wa hati zao kwisha. Hao hawakupata yeni hata moja. Hawakupata pia wale waliotolewa katika vizuizi vya uhamiaji kwa muda, ambao sheria huwakataza kufanya kazi na ambao hawana bima ya afya. Mtu aliyekatazwa kushika jembe, kisha akanyimwa chakula kwa kuwa hana jembe, amefungiwa milango miwili kwa ufunguo mmoja. Na maradhi hayakuuliza hati.

Hata kwa walioandikwa, njia haikuwa nyoofu. Karatasi ya maombi ilipelekwa kwa posta kwa jina la mkuu wa kaya, naye ndiye aliyewaombea na kuwapokelea wote. Mke aliyemkimbia mume mkali ilimbidi afuate taratibu maalumu ili fungu lake lisiangukie mkononi mwa aliyempiga. Karatasi ile ilikuwa na kisanduku kando ya kila jina. Mtu aliyezoea kutia alama mahali pa kukubali aliweza kukitia alama bila kusoma, kumbe maana yake ilikuwa kwamba hataki fedha. Wajapani wenyewe walikosea. Sembuse mgeni asomaye herufi zao kwa taabu! Serikali ilitoa maelezo katika lugha kadhaa, na miji mingi ikaongeza yake. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana haki isiyofahamika ni kama chakula kilichowekwa juu ya mti.

Tena ukarimu wa daftari haukuenea katika kila fungu. Mwezi wa Mei 2020 serikali iliweka msaada mwingine kwa wanafunzi wa vyuo waliopoteza kazi zao za saa chache. Mwanafunzi wa Kijapani aliulizwa shida yake. Mwanafunzi mgeni aliulizwa shida yake pamoja na alama zake za mtihani: wastani wake wa mwaka uliopita ulipaswa kuwa 2.30 au zaidi, kiwango kifikiwacho na thuluthi hivi ya wanafunzi. Njaa ya mmoja ilitosha kuwa ushahidi. Njaa ya mwingine ilitakiwa ifaulu kwanza.

Mataifa mengine yakitazamwa kando ya Japani, tofauti za vipimo huonekana wazi. Marekani, kwa sheria ya tarehe 27 Machi 2020, iliahidi hadi dola 1,200 kwa mtu mzima, lakini mlipwa alipaswa kuwa na nambari ya hifadhi ya jamii. Mgeni alipaye kodi kwa nambari ya namna nyingine aliachwa, na ikiwa alileta hesabu ya kodi pamoja na mwenzake wa ndoa aliye raia, raia huyo naye alikosa fungu lake, isipokuwa kwa wenye utumishi wa kijeshi. Kosa hilo lilirekebishwa kwa sheria ya Desemba 2020. Upande wa pili, raia wa Marekani aishiye ng'ambo alilipwa. Hata Mmarekani wa Osaka aliweza kupata dola za kwao na yeni za mji wake. Korea Kusini, mwezi wa Mei 2020, ililipa kwa kaya na kuwaacha wageni wengi, isipokuwa wenye ukaaji wa kudumu na wenye ndoa na raia. Mwezi wa Machi 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwanyima wakimbizi waliotambuliwa kulikiuka usawa. Hukumu ilikuja miaka minne baada ya njaa. Lakini ilikuja kwa jina la haki.

Na hapo ndipo palipo udhaifu wa mfano wa Japani. Orodha ya walipwao mwaka 2020 iliwekwa na mwongozo wa wizara. Haikuwa sheria ya bunge iliyompa mtu haki ya kudai mbele ya kadhi. Fedha ilitolewa kama zawadi ya dola. Miaka sita kabla yake, tarehe 18 Julai 2014, Mahakama ya Juu ya Japani ilikuwa imekwisha kuhukumu katika shauri la mwanamke mzee, mwenye uraia wa China na ukaaji wa kudumu katika Japani, aliyenyimwa msaada wa maskini. Mahakama ya rufani ilimpa ushindi. Mahakama ya Juu ikautengua. Ilisema kwamba neno "raia" katika sheria ya mwaka 1950 maana yake ni raia, na kwamba mgeni aweza kusaidiwa kwa waraka wa mwaka 1954, lakini hana haki kwa sheria. Kwa hiyo fedha ya mwaka 2020, pamoja na wingi wake, ilipita katika tundu lile lile la ukuta lililotobolewa mwaka 1954. Tundu lilikuwa limepanuliwa likawa kama mlango. Bado halijatiwa kizingiti.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hajali kama wali umeletwa kwa haki au kwa hisani. Ni kweli siku anapokula. Lakini kesho yake tofauti hurudi. Mwenye haki hupanga maisha yake, huzaa na kusomesha, akijua kwamba msiba ukija atahesabiwa. Mwenye kuhisaniwa hutazama uso wa mwenyeji kila asubuhi ili ajue kama umekunjamana. Wakorea wa mwaka 1952 walifunzwa jambo hilo katika siku moja, na Wabrazili wa mwaka 2009 wakafunzwa tena.

Historia hii imeonyesha vipimo viwili: damu na daftari. Japani ilitoka katika cha kwanza ikafika katika cha pili, na hatua hiyo ni kubwa, maana daftari huuliza mtu anaishi wapi, haliulizi babu yake alizikwa wapi. Kipimo cha tatu ni kile cha wahenga, jembe lenyewe: mtu aliyelima, aliyelipa kodi, aliyemwuguza mgonjwa wa jirani katika mwaka wa maradhi. Hakuna serikali iliyokwisha kukiandika katika sheria zake kwa ukamilifu. Methali ilimwamuru mwenyeji ampe mgeni jembe siku ya tatu. Jioni ya siku hiyo, wote wawili watokapo shamba na vumbi moja miguuni, sufuria ni moja jikoni, na mwenye kupakua ndiye ajuaye kama methali imetimia.